Haverby ni Mmoja

Rågsved, Stockholm
9 Machi 1974

Mama Getrude wangu,

Salamu nyingi huko Bukoba. Theluji imeanza kuyeyuka, na viatu ulivyonichagulia bado havipitishi maji.

Unakumbuka nilipotoroka Uganda nilijiandikisha kwa jina la mwalimu wetu Mwingereza, Haverby? Nilidhani majina ya Kizungu yamejaa kila mahali, nami nitapotelea humo. Juzi bibi wa maktaba alinicheka. Alisema “by” kwa lugha yao ni kijiji, kama mtaa wa Rinkeby hapa Stockholm. Jina limetoka kijiji kimoja cha Uingereza ambacho sasa ni malisho ya kondoo, na wenye jina hilo hata basi moja hawajazi. Tukafungua kitabu cha simu cha Stockholm. Haverby ni mmoja, na anwani yangu iko pale pale.

Jana mchana simu ililia. Mwanamume, kwa Kiswahili cha wale askari niliowakimbia Uganda, akasema taratibu, “Samwiri, mwalimu Haverby hakuwa na mtoto.” Nikakata.

Ukijibu, tumia ile anwani ya kanisa niliyokupa. Usiandike Haverby, wala Samwiri. Andika jina ambalo halimo kitabuni.

Ni mimi,
Baba Getrude