Mikono Miwili kwenye Toroli

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili, ila moyo unachemka. Umenifukuza kazi mbele ya wafuaji wote wa hospitali, mimi niliyekubeba mgongoni mama alipotutoka! Kisa, ile saa ya kupimia mwendo uliyotufunga mkononi imesema nasukuma toroli la mashuka kama kobe. Mimi, ambaye wodini wananiita Upepo! Ikague tena.

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumai hujambo, watoto wanakusalimia. Saa za wenzako zinasoma vizuri, iweje yako tu ndiyo mbovu? Mashine haina upendeleo. Na mimi ni msimamizi. Kazini hakuna dada. Pumzika, umri umekwenda.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Jirani yangu hufundisha wagonjwa kutembea upya. Alinivalisha saa kama ile, tukatembea bega kwa bega, mikono ikipunga: saa ikasoma mwendo safi. Nikasukuma kigari cha mwanawe, mwendo uleule, saa ikasinzia. Kumbe inafuata mkono unaorushwa, si mguu! Wenzangu husukuma kwa mkono mmoja, ule wa saa ukipunga hewani. Mimi peke yangu nilitii tangazo lako ukutani: toroli kwa mikono miwili.

Nimewasihi wenzangu nao wakutii, hasa wakubwa wakija kukagua.

Dada yako

20 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Miguu haikusumbui? Barua yako nimeifungua jana. Nilidhani ni malalamiko yaleyale. Wakubwa walikuja. Kila mtu alishika toroli kwa mikono miwili, na saa zikasema idara nzima imelala. Nikajitia kuwaonyesha mwendo wenyewe. Nilisukuma mpaka nikatweta, na saa ikanisoma chini kuliko wewe! Wamenisimamisha, Ijumaa wanaamua. Njoo na jirani yako muwaeleze. Nakupigia magoti.

Mdogo wako

25 Mei

Bwana Msimamizi,

Marahaba. Miguu haijambo, ahsante. Tulikwenda, tukawaeleza. Saa zimevuliwa, wenzangu wamepona, nami nimerudishiwa toroli langu. Kisha wakauliza kama ulijulishwa mapema. Nikasema ndiyo, tangu Aprili, kwa mkono wangu mwenyewe. Wakauliza pia kama tuna undugu, maana sura zinafanana.

Nikawajibu ulivyonifundisha: kazini hakuna dada.

Wasalimie watoto.

Msukuma toroli