Kiwanda cha Barafu Ulichokitaka Salale

Baba,

Ijumaa tumekusomea hitima ya mwaka hapa Kibiti. Watu walijaa mpaka uani. Mimi nilikuwa jikoni nalia, wakadhani ni moshi.

Kuna neno linanikaa rohoni. Siku ile uliporudi kutoka benki ukasema hukusaini mkopo wa kiwanda, nilikuambia mbele ya Mama, "Baba, kumbe wewe mwoga." Ulinawa, ukala wali wako, ukaenda kuswali. Haikupita miezi miwili ukatutoka.

Basi nikajitia ushujaa. Nikachukua faili lako, nikasema barafu ya Salale nitaitengeneza mimi, kamba wa wavuvi kule deltani wasiendelee kuozea kwenye ndoo. Nimezunguka, Baba! Kibali cha mazingira huku, cha misitu kule kwa sababu ya mikoko, cha uvuvi kwingine, na kila ofisi inataka kwanza karatasi ya ofisi nyingine. Karani mmoja alisoma jina lako akacheka, "Huyu mzee haishi kuja." Nikaitikia tu. Sikuweza kumwambia.

Nilipofika benki, kiwanja cha Salale hawakukitaka, hakina hati. Afisa mikopo, mtu mpole kabisa, akanisogezea fomu: "Nyumba ya Kibiti ina hati. Wekeni hiyo." Nikashika kalamu. Nikamwona akilini Mama anatolewa vyombo nje, kisa umeme umekatika siku tatu, mashine imeungua, na fundi yuko Dar es Salaam. Nikaiweka kalamu mezani.

Nilipomweleza Mama, akasema, "Baba yako naye aliishika kalamu hivyohivyo. Akasema, nyumba ya wanangu siichezei." Kwa nini hukuniambia, Baba? Ulikuwa umehesabu yote, mimi nikakuita mwoga. Nisamehe. Nisamehe sana.

Sasa sikia. Shangazi Zubeda, mimi na wanawake wanne wa Salale tumechanga, tukanunua friza moja la sola. Limekaa sebuleni kwa Shangazi, hukohuko Salale, limebana njia, wajukuu wanaligonga kila wakipita. Si kiwanda. Lakini wiki iliyopita yule mnunuzi wako wa zamani alikuja na boti mchana wa jua kali, akataja bei yake ileile, akijua hakuna atakayekataa na kuacha kamba waoze. Shangazi akamwambia, "Leo hatuuzi. Njoo keshokutwa."

Mnunuzi akachungulia mlangoni, akaliona friza. Halafu akapandisha bei mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nilikutafuta kwa macho, Baba, nikasahau kwamba hupo.

Hati ya kile kiwanja nitaifuatilia mpaka itoke. Wakichoka kuniona, watanizoea kama walivyokuzoea wewe. Mola akupanulie kaburi lako, alijaze nuru.

Mwanao,
Mwajuma