Bima ya Ajali Tu

Kaka Clive mpendwa,

Mbegu za nyanya ulizoniletea zimechipua dirishani, na hapa Hull mvua haijakatika. Mimi ni mzima, ila wakala wa nyumba amenichosha. Eti kila mpangaji lazima akate bima ya vitu vya mwenye nyumba: zulia lake, sofa lake, milango yake. Zulia lenyewe lina rangi ya uji uliochacha. Vitu vyangu mwenyewe, hata buli la chai la marehemu mama, havimo kwenye bima hiyo.

Juzi wakala akamtuma binti mmoja, Kirsty, kuja kukagua. Akapita na viatu vyenye tope juu ya zulia hilohilo, chai yangu akanywa, kisha akauona mlango wa chumbani.

"Huu umepasuka, Bi Hazel."

"Si ndiyo maana mmenilazimisha kukata bima? Waambie walipe."

"Wanalipa ajali tu. Hii ilikuwa ajali?"

"Ajali. Mume wangu Trevor aliteleza."

Akaitazama alama ya kiatu mlangoni. "Aliteleza mpaka usawa wa kitasa?"

Nikamwambia amalize chai yake aende. Nimeudhika tangu siku hiyo, kaka. Mlango wa watu una bima, na una mtu wa kuuliza kama kweli ilikuwa ajali. Ajali ndilo neno nililokuandikia Krismasi, kuhusu mkono wangu ulioumia.

Njoo na gari unichukue Jumamosi, Trevor akiwa mpirani. Buli nimeshalifunga kwenye magazeti.

Dada yako,
Hazel