Hongera ya Bodi

Jumapili, kabla sijaanza kupika

Na vigelegele akapiga kwenye simu, dada Mwajuma, kutoka Tanga mpaka jikoni kwangu Edmonton, Kanada. Nilimwambia tu kwamba Rehema anaenda bodi, shule ya bweni, na kwake yeye bodi ni mtoto aliyefaulu.

"Hongera, mdogo wangu! Umelea."

Sikumsahihisha. Sikusema kwamba ni shule ya watoto walioshindikana kwingine, yenye wanasaikolojia, na kwamba binti yangu wa miaka kumi na minne hatoki chumbani ila siku anazotoroka.

Akanitajia vya kununua: tranka, ndoo, na kufuli la maana, kwa sababu bodi wanaibiana. Nikawa naitikia "ndiyo dada", huku orodha ya shule iko mbele yangu mezani. Mikanda hairuhusiwi. Kamba za viatu haziruhusiwi. Milango ya vyumba haifungwi kwa ndani. Kila nguo iandikwe jina.

Kinachoniudhi si uongo. Ni kwamba kwa dakika kumi niliufurahia. Naogopa pia kwamba nampeleka ili mimi nilale. Wazee ninaowatunza kazini nawavumilia, lakini mwanangu mwenyewe...

Nilipokata simu Rehema alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akauliza kama mama mkubwa anajua ni shule gani. Nikasema hajui.

Akasema basi nisimwambie, angalau mtu mmoja amwonee fahari.

Nikaanza kuandika jina lake kwenye soksi.