Biskuti za Alasiri

Mbotela, Alhamisi, Julai 1978

Lakini ni watu au ni tanuri? Swali hilo halijanitoka tangu meneja wa kiwanda chetu cha biskuti aliposema atamfukuza Wanjiru, msimamizi wa zamu ya mchana, kwa kuwa biskuti zao huvunjika zaidi kuliko za asubuhi.

Nilimwambia, "Bwana meneja, zamu ya asubuhi hupata tanuri halijashika moto sana. Huwezi kuwalinganisha hivyo."

"Sasa unataka nini?"

Nikaomba wiki hii zamu zote mbili zipokezane mashine kutwa, na ya kuanza ichaguliwe kwa kura. Tena kila wakibadilishana, trei za mwanzo tusizihesabu, maana bado zina kazi ya waliotoka. Alikubali shingo upande.

Leo tumemaliza. Asubuhi biskuti ni nzima, alasiri zinavunjika, hata awe nani kwenye mashine. Wanjiru anabaki.

Nimefarijika, ila bado najiuliza. Kama ni joto la tanuri, mbona juzi kulikuwa na baridi kali, likachelewa kushika moto, na zikavunjika vilevile? Labda ni unga, ukikaa wazi tangu...

Nilipomwambia Wanjiru mashaka haya, alicheka. "Wewe ungekuwa hakimu, watu wangezeekea rumande."