Maua ya buluu nyuma ya jikoni

Siku ya kwanza, 28 aprili
Tena vumbi. Tena ndoo tatu za mayi, na maua ya maroza ya Mamere, mutawa anayetuchunga, yamekufa vilevile. Bulongo ya hii nyumba ya bazee ni mawe matupu. Nilipanda maboga, wapi! Mugongo unauma, lukasu ya kulimia nimeichukia. Ni nyuma ya jikoni tu maua ya buluu yamejiotea yenyewe, pale hata majani yanakataa. Mama Kapinga, muzee mwenzangu, anakaa pale kila asubuhi na kiti yake. Mwaka muzima sikumuona anacheka, sasa anacheka. Basi ninayamwangia mayi.

Siku ya tatu, 30 aprili
Mi ni mupumbavu. Leo nilifikicha jani moja mu vidole, nikanusa. Yo! Miaka makumi mbili nilitembea mu pori na bakubwa ba kampani ya migodi, kazi yangu ilikuwa kutafuta hii maua. Kwenye inaota, shaba iko chini. Na mi mwenyewe, na macho yangu ya ukungu, nimeilea sawa mutoto!
Bakrezeri, bale bachimbaji ba shaba, banaijua. Bakiiona batachimba mpaka chini ya ukuta, nyumba itapasuka. Tuko bazee kumi na mbili. Tutaenda wapi?

Siku ya ine, 1 mei
Nilienda kuyangʼoa. Mama Kapinga alikuwa amenitangulia, anaimba nyimbo za kwao Kasai. Nikajifanya nafagia.
Nyumba yake ya zamani, mu mutaa ya Kapata, ilikufa hivyohivyo. Jirani alichimba ndani ya saloni yake mwenyewe, mpaka chumba ya Mama ikaingia mu shimo. Nitamwambia nini, huyu mama? Nimekasirika na yeye, nimekasirika na maua, nimekasirika na mi.

Siku ya tano, 2 mei
Sasa Mamere! Anataka bageni ba parokia baone maua siku ya Mungu. Alipiga foto na telefone. Nilimupigia kelele aifute. Aliifuta, lakini anafikiri nina haya kwa sababu maroza yake yalikufa. Siwezi kumueleza. Akijua yeye, jikoni yote itajua, na bwana ya mupishi anachimba ku mugodi ya Mutoshi.
Kesho nitayangʼoa, hata Mama Kapinga alie.

Siku ya posho, 3 mei
Nilitoka mbele ya saa ya uji, lukasu ku bega. Hakuna kitu. Bulongo sawasawa, imefagiwa. Nikasema: bakrezeri bamekwisha kuanza!
Kisha nikaona ufagio ku mulango ya Mama Kapinga. Kucha zake nyeusi na bulongo. Alinipa chai, akasema: «Tata Ngoy, ku Kapata ilianza vile. Maua kwanza, kisha batu.»
Nikamuuliza sababu gani aliyaacha siku zote hizi.
«Nilitaka kwanza yafunguke yote.»
Nimekunywa chai yote.

Siku ya Mungu, 4 mei
Bageni balikuya. Mamere aliuliza maua iko wapi. Mama Kapinga akasema ni mbuzi. Mamere amekasirikia mbuzi za jirani mpaka sasa.
Misa ikakwisha, nilimubebea Mama Kapinga kiti yake nyuma ya jikoni. Alikaa palepale, anaangalia bulongo. Na mi nikakaa. Leo sikumwanga mayi.