Vitufe Vilivyokwenda Mashineni

Malangali, Sumbawanga
Alhamisi, mwezi wa saba. Asubuhi upepo mkali. Jua limetoka lakini halina joto.

Dada yangu Editha, shikamoo.

Mnaendeleaje huko Biharamulo? Mgongo wa Mama umepata nafuu, au bado anashinda shambani huku akiwaambia haumwi? Mimi mzima, ila kidole kimoja kimevimba na hasira haijaisha.

Kibodi ya hapa dukani, tunapochapa na kutoa kopi, inagoma tangu wiki iliyopita. Tumepakana na mashine ya kusaga, na vumbi la unga linaingia kila mahali. Unabonyeza A mara moja, zinatoka tano. Unabonyeza tena, haitoki hata moja. Nilizima nikawasha. Nikahamisha waya tundu jingine. Nikaigeuza nikaigonga mgongoni, ukadondoka unga wa kutosha uji wa mtoto. Wapi! Nikamwambia bosi. Akasema, "Bonyeza kwa upole."

Jana asubuhi akaja mama mmoja mjane kutoka kijiji cha njia ya Namanyere, na wazee wanne wa ukoo wa marehemu mumewe. Kikao chao kilimteua yeye kusimamia mirathi, na muhtasari ulitakiwa uchapwe, wausaini, aupeleke mahakamani. Basi lao la kurudi ni saa nane. Umeme ulikuwa umekatika, wakakaa kusubiri.

Nikaona nisikae bure. Nikang'oa vitufe vilivyokuwa vinanata, nikaviosha kwa sabuni, nikavianika uani, pembeni mwa turubai la Mama Oliva, mwenye nyumba wetu, alipoanika kimea chake cha ulezi. Pembeni kabisa, dada!

Umeme ukarudi. Hapa umeme ukirudi, kila mwenye ndoo anakimbilia mashineni kabla haujakatika tena. Mama Oliva akakusanya pembe nne za turubai, akamimina vyote kwenye ndoo, mbio. Nilipotoka nikakuta uwanja mtupu.

Nikamfuata. Mashine ilikuwa tayari inalia ko! ko! ko! Msagaji akaizima, akachungulia ndani, akanigeukia.

"Dada, leo tunasaga kompyuta?"

"Nani anaanika plastiki na kimea?" Mama Oliva akaja juu. "Hii pombe ni ya harusi!"

"Na nani anazoa bila kuangalia?"

"Ikiharibika, wageni wangu utawanywesha wino wako!"

Tuliokota vinne kwenye ndoo. A ilikuwa chenga tupu.

Niliporudi, shemeji wa yule mama, mmoja wa wale wazee wanne, alikuwa ameshasimama, kofia kichwani. "Mashine imekataa. Tuahirishe, tukae kikao kingine baadaye."

"Kikao kingine mtakula nini, shemeji?" mjane akamjibu. "Mbuzi alikuwa mmoja."

Wazee wakacheka. Mjane hakucheka. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu akipanda basi hajasaini, hasaini tena. Nyumba yangu ameshaitafutia mpangaji."

Nikavipachika vile vinne, ndipo nikaitazama vizuri ile kibodi. Chini ya kila kitufe kuna kipira kidogo, kama chuchu ya chupa ya mtoto. Nikakifuta kile cha A kwa kitambaa kikavu, nikakibonyeza kwa kidole. Ikatoka moja. Basi nikachapa hivyo hivyo, kidole kimoja kikiwa cha A tu. Jaribu wewe kuandika sentensi ya Kiswahili isiyo na A! Kila mstari nilirudi kufuta zilizozidi. Mzee mmoja akawa ananishauri niipepete kama ulezi. Nikaendelea kubonyeza, dada, kwa heshima tu.

Saa saba na nusu karatasi ikatoka. Wazee watatu wakasaini. Shemeji akaisoma taratibu, akaweka kidole. "Hapa kuna A mbili."

"Hapo ni 'baada', baba. Ndivyo inavyoandikwa."

Mzee mkubwa akamsukumia kalamu. "Saini, mdogo wangu. Basi halitusubiri."

Akasaini. Yule mama akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akatoka bila hata kuniaga. Sikumlaumu.

Jioni bosi akarudi, akauliza jambo moja tu: A iko wapi.

Msalimie Mama, umwambie kitindamimba wake bado anavaa sweta alilomfumia. Msalimie shemeji, mumeo, na wifi yetu aliyejifungua. Nawakumbuka kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba.

Mdogo wako,
Jenista

Jana nililala saa mbili na dakika kumi usiku. Kwa hesabu yangu, yule mama alikuwa ameshafika kwake, na mlango wa nyumba yake aliufungua yeye, si mpangaji.